Nyasi Kavu Juu ya Nyanya

Jumatatu, 4 Agosti
Kumwagilia alfajiri. Ndoo nane, kopo moja kila shina. Maji ya lambo yamerudi nyuma hatua tatu tangu Ijumaa. Kikundi chetu cha wakulima wa lambo kimekubali, kwa shingo upande, kufunga mifereji hadi Jumapili, wajionee kama nyanya zangu zitastahimili kwa matandazo ya nyasi kavu. Zikinyauka, watafungulia mifereji, na lambo halitafika vuli. Saidi, mwenyekiti wetu, bado anaita matandazo yangu takataka. Mtu mzima!

Jumatano, 6 Agosti
Dada Mwanahawa amefika kutoka Hale. Alipita kwanza shambani. Kisha akaniuliza, mara mbili, kama ninaumwa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nilikwenda Kabuku kutengeneza miwani. Niliporudi, shamba jeupe. Dada amefagia. Amefagia shamba! Nyasi za kazi ya siku nne amezirundika na kuzichoma. Mistari ya ufagio inaonekana kati ya mashina, kama uwanja wa kupokelea wageni.
"Mtoto wa mama yangu hatalima jalalani nikiwa hai," alisema, akasubiri shukrani.
Ananizidi miaka sita. Nilisema ahsante. Upumbavu wangu.

Ijumaa, 8 Agosti
Jua kali. Kufikia saa sita majani karibu yote yamelala. Saidi alisimamisha baiskeli makusudi.
"Mwalimu, nyanya zako zimesujudu kabla ya adhana!"
Wenzake walicheka. Nyumbani nilimweleza dada alichokifanya, bila adabu ya kutosha. Hakula.

Jumamosi, 9 Agosti
Adhuhuri dada aliniita ukingoni mwa shamba, ambako hakufagia kwa kuogopa siafu. Mashina kumi na moja, yote wima. Alichomeka kidole chini ya nyasi. Kikatoka na udongo mbichi. Hakuomba radhi. Hakufundishwa kuiomba. Nami sikufundishwa.

Jumapili, 10 Agosti
Kikao palepale shambani. Saidi alitaka mifereji ifunguliwe leo. Dada, ambaye hata si mwanachama, alimshika mkono akamvuta hadi ukingoni.
"Chomeka kidole, baba. Chomeka, huumwi."
Alichomeka. Aliumwa. Lakini aliuona unyevu, na wote wakauona.
Mifereji itabaki imefungwa. Wiki moja zaidi, basi! Ushahidi wote huo, nao wananipa wiki moja. Watu hawa wananichosha.
Jioni dada alikata nyasi mpya, akatandaza mwenyewe. Alikataa msaada.

Jumatatu, 11 Agosti
Nilimsindikiza dada barabarani. Nyasi zake amezibana kabisa kwenye mashina. Zikiachwa hivyo, mashina yataoza. Sikumwambia. Nilingoja basi lipotee, nikarudi, nikapiga magoti, nikazisogeza nyuma upana wa kiganja, shina baada ya shina. Ilinichukua hadi saa nne. Udongo chini yake ulikuwa wa baridi.