Kwa Nini Walimwita Chiriku

Jumamosi, Tinde. Mawingu mazito tangu asubuhi, na mvua haitaki kunyesha.

Leo nilikwenda Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, kuwauliza wachimbaji jambo moja tu: kwa nini walimwita mdogo wangu Masanja "Chiriku"?

Chiriku ni yule ndege mdogo anayelia kwenye minyaa ya uani kwetu tangu kunakucha. Nadhani hata jina lake limetokana na mlio: chiri-chiri-chiri, bila kupumzika. Ndiyo maana mtu mwenye maneno mengi naye huitwa chiriku.

Lakini Masanja alikuwa mkimya. Ungeweza kula naye ugali hadi mwisho usisikie neno. Tulipomzika, miezi mitatu iliyopita, wenzake walilia, "Chiriku wetu!" Nikadhani wamekosea msiba.

Luhende, aliyekuwa akichimba naye shimo moja, alinipa shikamoo, akanikalisha chini ya turubai.

"Dada, Masanja alikuwa anaogopa giza. Akishuka tu anaanza kuongea, haachi mpaka atoke. Ng'ombe, mpira, wewe ulivyomfundisha kusoma. Sisi wa juu tukimsikia, tunajua yuko salama."

"Na siku ile?"

Akatazama mikono yake. "Udongo ulipoporomoka tulichimba huku tunamsikia. Aliongea muda mrefu, dada. Halafu akanyamaza."

Sikuuliza alikuwa anasema nini.

Ngoja niandike ninachokificha. Masanja aliwahi kuniambia anaogopa. Mwezi wake wa kwanza kazini alikuja hapa, akasema hataki tena kushuka shimoni. Mimi nilicheka. Nikamwambia, "Mwanamume mzima?"

Kesho yake akarudi Mwakitolyo.

Tangu nifike nyumbani, ndege wale wakilia uani naganda. Natamani wanyamaze. Wakinyamaza, moyo unanienda mbio.

Jioni, tukichambua mchicha, mama akaniuliza, "Wamekwambia kwa nini walimwita vile?"

"Alikuwa na furaha kule, mayu. Alikuwa anaongea na kucheka siku nzima."

Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Akarudia taratibu, "Alikuwa na furaha."

Nikaendelea kuchambua mchicha.

Sasa nimekaa peke yangu na najiuliza: nilimdanganya ili nimfariji, au ili asije akaniuliza ni nani aliyemrudisha mwanawe shimoni?