Kiti cha Wafanyabiashara Wadogo

Oya, acha unachofanya usome hapa. Nimejichoma mwenyewe.

Si nilikwambia napeleka mashine kuchomelea mlango wa ule ukumbi mkubwa? Kumbe leo humo serikali, wenye viwanda na maprofesa wanajadili sera ya uchumi.

Nimemaliza mlango, simu imezima. Soketi iko chini ya meza yao, na kiti cha hapo hakina mtu. Nikakaa nichaji. Kibao cha mezani wala sikukisoma: WAFANYABIASHARA WADOGO.

Mama mmoja profesa akanisogezea maiki. "Karibu kaka, tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

Mimi na ovaroli langu.

Ningesema nimepotea, yangeisha. Lakini mdomo wangu unaujua. Nikawaambia leseni ya karakana inataka barua za ofisi tatu, na kila ofisi inataka kwanza barua ya mwenzake. "Kwa hiyo sisi tunafanya kazi bila leseni."

Nimesema hivyo kaka. Kwenye maiki. Bila leseni.

Tajiri mmoja akacheka mpaka akakohoa. Mkurugenzi wa leseni wa serikali, kumbe naye yupo mezani, hakucheka. Akachukua kalamu. "Karakana iko wapi, kijana?"

Nikamwelekeza. Mpaka rangi ya geti nimemtajia.

"Kesho saa tatu nitafika mwenyewe." Kuja kufanya nini, hakusema.

Mjomba sijamwambia, na karakana ni yake. Tangu nirudi nafagia tu, naye anashangaa usafi wote huu, ananiuliza, "Unaoa?"

Njoo na mkokoteni wako. Sijui tutabeba takataka au, akitufungia, tutabeba mashine, ila njoo nao.