MAELEZO YA SHAHIDI: VIPIMA UNYEVU VILIVYOTOWEKA MPAKANI MWA SHAMBA, ENDEBESS

Jina: Phanice Chepchumba
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi, Kidato cha Pili
Makao: Endebess
Ameandikisha mbele ya shangazi yake, Jelimo.

Mnamo mwezi wa Aprili, tulipomaliza kupanda mahindi, Bwana Wanyonyi wa Bungoma alikuja kwetu kujaribu vipima unyevu. Ni vipande vyembamba kama kadibodi. Unavichomeka kwenye udongo, vinatuma habari kwa simu yake bila waya, na kazi ikiisha vinaoza. Baba alikubali. Mimi nilimshikia mfuko. Alivipanga kando ya ua unaotutenganisha na jirani yetu Mzee Kibe, kwa sababu huko maji husimama.

Hapo Baba akabadilika. Babu alihamishwa kutoka shamba lake la kwanza baada ya watu kuja kupiga vigingi. Akaniambia, "Huyu ametumwa na Kibe. Anapima mpaka." Nami, niseme ukweli, nilianza kumwangalia Wanyonyi vibaya. Mbona kila akija anapiga picha ua?

Mnamo tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, Baba aliita mzee wa mtaa na majirani waone hivyo vipima, yeye akiviita vigingi. Alichimba. Hakupata hata kimoja. Jirani mmoja akamwambia Baba, "Kipkirui, si ungengoja mahindi ikauke ndio utuite, angalau tukule?" Watu wakacheka. Wanyonyi, ambaye pia alikuwepo, akasema vimeoza. Baba akamshika kola. "Ati redio inaoza kama ganda ya ndizi? Umeng'oa ushahidi, bana!" Ndivyo Wanyonyi alivyoletwa hapa kituoni, na bado yuko ndani.

Hakung'oa. Aprili alinipa kipima kimoja kilichobaki. Nilikichomeka kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo uliojaa udongo, kando ya mche wa sukuma wiki, nikauficha nyuma ya jikoni. Nikitoka shule nilikuwa nachimbua kidogo kuangalia. Kililainika, kikawa kama ukoko wa ugali uliolowa. Sasa imebaki rangi tu kwenye udongo. Mkebe huo hakuna aliyeugusa ila mimi.

Siku hiyo sikusema. Baba angeniuliza kwa nini nilipokea kitu cha mwanamume, na watu walikuwa tayari wanamcheka. Nilijua, nikatazama tu Wanyonyi akipandishwa pikipiki.

Mkebe nimeuleta. Baba yuko kwa benchi hapo nje, anafikiri nimekuja kumuunga mkono. Afande, naomba nipitie mlango ule mwingine.

Nimesomewa niliyosema. Ni yangu yote.

Sahihi: P. Chepchumba

Maandishi ya afisa: Kituo kina mlango mmoja. Shahidi aliomba mkebe, akaupeleka nje akamwonyesha baba yake mbele yangu, kisha akaurudisha. Nimeuhifadhi kama kielelezo. Mlalamishi, baba yake, ameomba kuonana na mshukiwa.

Konstebo Mbogo