Moshi wa Asubuhi za Juni

Kaka yangu Gaudensi,

Mama amenikataza nisikuandikie kwa hasira. Nimeshindwa, basi soma hivyo hivyo.

Unaikumbuka asubuhi ile ya baridi kule Maposeni, tukiwa watoto, tulipochoma mabua ya mahindi kabla jua halijatoka? Mama alitufokea, ukanishika mkono tukakimbilia juu ya kilima. Chini yetu moshi ulikuwa umelalia nyumba zote za bondeni, haupandi wala hauondoki. "Hewa ya baridi iko chini, ya joto imeifunika kama kifuniko cha chungu," uliniambia. "Mpaka jua lipande." Nilikuona msomi hata kabla hujasoma.

Ukasoma kweli. Chuo kikuu, kompyuta, hesabu za jinsi moshi unavyosafiri na upepo. Kisha likaja soko huria, na mwekezaji akataka kujenga kiwanda cha kukaushia tumbaku bondeni kwetu. Wanakijiji walikataa. Akakuleta wewe.

Kwenye mkutano wa kijiji ulitundika mchoro wako ukutani mwa darasa: bomba refu, moshi ukipanda na kutawanyika hadi haupo. Upepo ulikuwa umeupima mchana tu, tulikuona. Mama peke yake ndiye aliyeuliza. "Na asubuhi za Juni je, baba?"

"Hesabu zimetazama yote, mama."

Hukumtazama usoni. Naye akawageukia majirani: "Mwanangu hawezi kunifukizia moshi ndani ya nyumba yangu." Ndipo wakakubali.

Ungekuwa umekosea, ningekusamehe. Hukukosea, kaka. Ulijua, na shahidi ni mimi. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo hizo nilizifua mwenyewe, sare zako zote za sekondari. Umenichoma moyo.

Sasa moshi wa kiwanda umelala bondeni, kama ulivyonifundisha. Majirani wanakohoa, wanapita mlangoni bila kumsalimia mama. Yeye bado anakutetea: "Labda upepo ndio uliokosea." Kifua kinambana hata hawezi kutembea mbali, kwa hiyo kila asubuhi ya baridi ninambeba mgongoni hadi juu ya kile kilima. Tunakaa huko tukisubiri jua lipande.

Juzi aliutazama moshi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Gaudensi aliwahi kufika hapa?"

Njoo umjibu wewe.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyemshika mkono.