Jani Bichi Kwenye Shoki

Baba Bosibori,

Huku Kimulot tuko wazima, ng'ombe amezaa na mvua haikomi. Huko Doha joto limepungua?

Fundi Johana alifunga kile kifaa ulichotuma kwenye shoki, ile springi ya gurudumu la mbele la pikipiki yako ya mashindano. Kifaa chenyewe ni kijiti kinachoteleza shoki ikizama, halafu simu inachora mstari. Nilimwambia akiache kimewashwa. Ndugu yako Onyiego huapa kwamba yeye huipasha tu injini moto ndani ya stoo, na pikipiki iliyosimama huchora mstari ulionyooka.

Jana Sabato nilitoka kanisani nikafungua simu. Mstari ulikuwa milima na mabonde asubuhi yote. Nikaenda stoo. Kwenye kijiti kulinasa jani la chai, bichi kabisa. Kwetu nani hugusa chai siku ya Sabato? Nikashuka shambani, nikakuta upande wa chini umechumwa wote.

Nilimuuliza Onyiego anampelekea nani chai yetu. Hakushtuka hata kidogo. Alicheka, akasema, "Shemeji, si uulize bwana yako?"

Sasa nakuuliza.

Ni mimi mke wako, wa pekee kwa ninavyojua,
Mongina