Fungate kwa Mreno

Shumaisi, Riyadh
8 Januari 2025

Kwa shangazi yangu mpenzi, Bi Mwanakhamis,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti yamekupa nafasi, na ngazi za nyumba hiyo ya Balad bado hazijakushinda. Sisi huku hatujambo. Raya alikohoa wiki nzima lakini sasa anakimbia tu. Usama yuko zamu ya usiku hospitali, na duka langu la mabaibui pale sokoni Dirah linakwenda, alhamdulillah.

Nakuandikia kwa mkono kama ulivyoniagiza, maana najua simu yako huishika mkaza mwanao, naye husoma kwa sauti mbele za watu. Hili si la kusomwa kwa sauti. Abdalla atakuletea akija Jeddah na mizigo yake ya dukani.

Shangazi, tunakwenda fungate. Usicheke. Miaka mitano ya ndoa na mtoto wa miaka minne, najua. Lakini wewe ndiye uliyekuwa somo yangu, uliyenifunda harusini, ulikuwemo nyumbani, uliona kwa macho yako. Siku ya tatu tu hospitali ikamwita Usama arudi Riyadh kabla njia hazijafungwa kwa ajili ya korona, akaondoka singo ya harusi haijakauka mwilini mwangu. Tangu hapo ni zamu, mtoto, duka. Tunapishana mlangoni, yeye anaingia mimi natoka. Tukiongea, tunaongea habari za maziwa na mtungi wa gesi. Nakwambia wewe tu, naogopa. Naogopa tutakaa siku moja tutazamane, tukute hatuna la kuambiana.

Basi nimeamua. Baada ya Idi tunakwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, siku nne, na Raya atakaa kwa mama mkwe. Nimeshapanga kila kitu. Hoteli ni ndogo, iko mtaa wa kale, ina kibaraza kinachotazama mto. Asubuhi tutapanda ngome iliyo juu ya kilima, mchana makasri ya wafalme, jioni treni ya manjano inayopita vichochoroni. Nataka nimalize vizuri kile kilichokatika. Nisaidie kama ulivyonisaidia mwanzo, na utuombee dua.

Mwanao,
Wafaa


Balad, Jeddah
19 Januari 2025

Mwanangu Wafaa,

Waalaykumu salaam. Mie mzima, magoti ndiyo hayo hayo, nimeshayazoea nayo yamenizoea. Barua yako nimeisoma jikoni nikawa nacheka peke yangu, mkaza mwanangu akauliza kulikoni. Nikamwambia akakoroge mchuzi wake.

Kwanza, Mreno. Katika dunia yote ya Mwenyezi Mungu umemchagua Mreno. Bibi yangu alikuwa akimtisha mtoto asiyelala kwamba Mreno atakuja kumchukua, na sasa mwari wangu anajipeleka kwa miguu yake. Haya, yamepita. Siku hizi nasikia ni watu wapole, wanakaanga samaki. Nimewasamehe.

Pili, hayo ya ngome na makasri yafute. Fungate haina matembezi. Mwari hukaa ndani akafukizwa, akalishwa, akatazamwa na mumewe. Ukimpandisha mume vilima mchana kutwa, jioni atalala na viatu.

Tatu, hofu yako iondoe. Maneno hayamaliziki kwa watu ambao hawajapata nafasi ya kuyasema.

Na jambo la mwisho, mie niko tayari. Ulipoandika siku nne nililia kidogo, kwa furaha, nikasema mtoto huyu kafunzwa akafunzika. Pasi nshaiteremsha kutoka sanduku la juu. Picha za viza nimepiga, nimetoka kama jini, lakini ni mie. Liwa ya kukupaka nimeanza kuisaga. Nachukua chetezo, udi, kinu kidogo na mashuka mawili, maana shuka za hoteli siziamini. Chumba changu kiwe mlango kwa mlango na chenu, kama ilivyokuwa siku ile. Niulizie tu kama huko asumini inapatikana.

Somo yako,
Mwanakhamis


Shumaisi, Riyadh
30 Januari 2025

Shangazi yangu,

Assalamu alaykum, na pole kwa kusaga liwa na mikono hiyo. Sisi wazima. Baridi ya Riyadh imekaza, Raya analala na soksi.

Barua yako nilimsimulia Usama. Alikaa kitako sakafuni, akaniuliza, "Mlango kwa mlango?" Kisha akasema wewe ni kama mama yake na neno lako halina mjadala, akaenda kuoga, akakaa bafuni muda mrefu.

Shangazi, mimi nakuhurumia tu. Safari ni ndege mbili na kungoja katikati. Mji wenyewe umejengwa juu ya vilima, kila mtaa ngazi, na hoteli haina lifti. Chakula cha halali ni cha kutafuta. Tena vyumba vyao vina king'ora cha moshi, ukifukiza udi watakuja wazima moto na mipira yao. Nisingependa usumbuke kwa ajili yangu.

Fikiria vizuri, tafadhali.

Mwanao,
Wafaa


Balad, Jeddah
11 Februari 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi, na Raya umbusu. Mie sina neno, ila vumbi la Balad linaingia mpaka kwenye sufuria.

Nimefikiria. Ndege mbili si tatizo, nitalala zote mbili. Ngazi ninapanda kila siku hapa kwangu na ndoo mkononi. Chakula nitapika mwenyewe, nimeshanunua jiko dogo la umeme, na kuku wa halali Mungu hakumnyima mtu. Udi nitafukizia dirishani, moshi uende kwa Wareno, nao wanukie.

Viza nimepata. Bwana wa ofisini aliniuliza sababu ya safari, nikamwambia fungate. Akatazama umri wangu kwenye pasi, akanitazama mie, akanipa hongera, "mabruk." Nikamwambia Allah akubariki na wewe.

Usama mwambie asijione vibaya. Mara ile alikuwa akinyata kwenda jikoni kuchota maji, akidhani sijamwona. Safari hii maji nitaweka mlangoni.

Somo yako,
Mwanakhamis


Shumaisi, Riyadh
20 Februari 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi tuko salama, nawe nakuombea afya njema.

Usije, shangazi.

Vilima, chakula na king'ora vyote vilikuwa visingizio, na wewe umevijibu kimoja kimoja nikabaki sina pa kujificha. Ukweli ni kwamba nataka kukaa na mume wangu pasiwe na mtu nyuma ya mlango. Asiwepo mtoto, asiwepo mgonjwa anayempigia simu, na usiwepo wewe. Ukiwepo nitakuwa nasikiliza unachosikia. Nitataka ujue kwamba tunacheka, na kwa kutaka ujue, hatutacheka.

Mama alipokufa ulinichukua, ukanilea, ukaniozesha, na hakuna niliyemwogopa kumuudhi kama wewe. Silifuti neno. Ukinikasirikia una haki.

Mwanao,
Wafaa


Shumaisi, Riyadh
6 Machi 2025

Shangazi,

Ramadhani karimu. Mungu akupokelee saumu yako.

Abdalla amekuja mara mbili toka Jeddah, mara zote mikono mitupu. Nimemuuliza kama unaumwa, akasema hapana, amekuona barazani unachambua mchele. Nimempigia simu mkaza mwanao akasema "Mama yupo, ila hataki kusema." Usama ameniambia tuahirishe safari twende sote Makka badala yake. Nimekataa. Hospitali imempa likizo ya siku nne tu, safari ni ya kwetu wawili na tutakwenda.

Lakini siwezi kwenda umenyamaza hivi. Nitukane, nitafurahi.

Mwanao,
Wafaa


Balad, Jeddah
12 Machi 2025

Mwanangu Wafaa,

Waalaykumu salaam, na kwako pia Ramadhani njema. Saumu inakwenda. Mie sikununa. Nilinuna, lakini si kwa sababu unayodhani.

Wewe mwari wa korona, mambo mengine hukuyafikia, na kosa si lako. Kwetu somo huingia ndani siku ya harusi, na hatoki mpaka siku saba zitimie. Siku ya saba mwari humpikia somo kwa mkono wake, humpa doti ya kanga, humpa ruhusa kwa mdomo wake, na hapo kazi imekwisha. Somo hawezi kujiruhusu mwenyewe. Akiondoka hivi hivi, ndoa ile atakuwa ameibeba yeye.

Mie nilikaa nawe siku tatu. Mume akaondoka, njia zikafungwa, tukabaki mimi na wewe tunatazamana na sinia la bokoboko. Sijapikiwa, sijapewa kanga, sijapewa ruhusa. Miaka mitano niko kazini, mwanangu. Ndiyo maana Usama akichelewa zamu mie Jeddah silali. Ndiyo maana nikisikia sauti yako imeshuka kwenye simu nauliza mmegombana. Mkaza mwanangu anasema najiingiza. Sijiingizi, sijatoka.

Basi ulipoandika siku nne, nikajumlisha na tatu zangu, nikasema mtoto kahesabu, ananiita tumalize saba zetu. Kumbe ni likizo tu waliyompa hospitali. Nililia kwa hesabu isiyokuwepo, na hilo ndilo lililoninunisha.

Uliyoandika ni kweli. Mwanamke anayejua kumwambia somo yake "usije" amekomaa. Tiketi sijanunua, na sitanunua. Lakini "usije" siyo ruhusa. Sasa unajua ilivyo, la kufanya utalijua.

Somo yako mpaka sasa,
Mwanakhamis


Shumaisi, Riyadh
19 Machi 2025

Kwa somo yangu, Bi Mwanakhamis,

Assalamu alaykum. Barua yako niliisomea dukani, nikafunga duka mapema nikaenda kulia nyumbani, kisha nikaenda sokoni.

Abdalla anaondoka leo na amekula kiapo kwamba atakufikia kabla ya futari ya kesho. Kwenye boksi la barafu kuna kuku wa kupaka na mkate wa kumimina. Nimepika mwenyewe, hakuna aliyenisaidia, isipokuwa nazi ameikuna Usama baada ya zamu, macho mekundu kwa usingizi, na hakutaka kuniachia mbuzi. Doti nimeitafuta Dirah nzima mpaka nikaipata kwa mama mmoja kutoka Mombasa. Imeandikwa ULIYONIFUNZA NIMEYASHIKA.

Somo yangu, siku zimetimia. Uliingia na mimi, ukanishika mkono, ukakaa miaka mitano pale ambapo ungekaa wiki. Nimekupa ruhusa. Ulale Usama akichelewa. Rudi uwe shangazi yangu.

Mwari wako,
Wafaa


Balad, Jeddah
24 Machi 2025

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Boksi limefika dakika chache kabla ya adhana. Kuku chumvi imezidi kidogo. Nimemla wote, mkaza mwanangu nimempa mkate tu. Kanga moja nimejifunga, nyingine nimejitanda, nikakaa barazani watu wanione. Walioelewa wameelewa.

Usiku ule nililala mpaka daku ikanipita.

Liwa na singo nimempa Abdalla akuletee, udi nimeutoa kwa ajili ya king'ora chao. Viza yangu bado ina uhai, na jiko la umeme ninalo. Huenda siku moja nikamwendea Mreno na wanawake wenzangu wa hapa mtaani, tukamuulize vizuri habari za zamani. Hilo niachie mwenyewe.

Ngome na makasri bado nakwambia yafute, ingawa sasa hainihusu. Na ukiwa huko usiniandikie. Mwari anayepata nafasi ya kuandika barua, fungate imemshinda.

Shangazi yako, basi,
Mwanakhamis


Uwanja wa ndege, Lisbon
14 Aprili 2025

Shangazi yangu,

Assalamu alaykum. Tuko wazima. Nimekutii, kadi hii nimeinunua sasa hivi tukingoja ndege ya kurudi, na Usama amelala begani kwangu.

Asumini ipo, imepanda ukuta chini ya kibaraza chetu. Maneno hayajamalizika. Siku ya pili aliniambia kwamba ile siku aliyoondoka Jeddah alisimamisha gari karibu na Taif, akanusa singo kwenye mikono yake, akalia mpaka lori likampigia honi apishe. Miaka mitano hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kumuuliza. Tumecheka pia, kwa sauti kubwa, hadi jirani akagonga ukuta.

Picha ya mbele ndiyo ile ngome. Nasikia ni nzuri sana.

Mwanao,
Wafaa