Ghuba Aliyoichagua Kaka Onofre

Romblon, 2 Juni

Dada yangu mpenzi Teodora,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti linalokusumbua wakati wa sala limepata nafuu. Nisalimie masista wenzako wote, hasa yule mzee anayependa samaki wetu wakavu. Sisi huku tu wazima kwa idadi, na zaidi ya hapo nashindwa kusema.

Ulipigiwa simu ukaambiwa kwamba boti ya Baba imevunjika na Mama amevunjika nyonga. Ulivyosikia ni kweli, ila si yote.

Mama alipokaribia kutimiza miaka sabini alituambia hataki karamu. Alitaka usiku mmoja tu wa kulala botini, karibu na kisiwa alikozaliwa, kama alivyokuwa akilala na Baba enzi zao. Kaka Onofre akasema hilo si neno, "boti yangu" ipo. Unajua maneno hayo yanavyonichoma. Miaka kumi na miwili mimi ndiye niliyekaa usukanini na Baba, na viganja vyangu vina makovu ya kamba hadi leo. Onofre alikuwa Manila akiuza simu. Baba alipofariki, miaka sita iliyopita, wajomba walikaa kitako wakaamua kwamba boti ni ya mwanamume. Mimi nikapewa sufuria za botini.

Tuliondoka asubuhi: Mama, Onofre, wifi yetu Luningning, binti yao mdogo na mimi. Tulikula tambi za kumwombea Mama maisha marefu, akaimba, tukacheka. Sitakuficha, ilikuwa siku njema.

Alasiri tukaanza kutafuta pa kutia nanga. Nilimshauri Onofre tuingie kwenye mto upande wa mashariki, kwenye mikoko, alikokuwa akijificha Baba. Matope ya pale hushika nanga kama gundi, na upepo utoke utakako, vilima vinakukinga. Akasema kule kuna mbu wengi kuliko wapiga kura, na Mama hakuja kusherehekea kuumwa. Yeye alikuwa ameona kwenye simu yake ghuba yenye mchanga mweupe, upande wa kusini. Nikamwambia ghuba ile iko wazi, haina kinga. "Wewe nahodha wa sufuria," akanijibu mbele ya wote, "hebu tuangalizie wali usiungue!" Wifi akacheka. Mama naye akacheka, na hicho ndicho kilichonikata maini.

Usiku ulipita salama. Alfajiri upepo ukatugeukia kutoka kusini, nanga ikaanza kuburuzika. Onofre alihangaika na injini, ikawaka, ikazima. Wimbi likatupiga ubavuni, mrengu wa kushoto, ule mti wa ubavuni unaoizuia boti isipinduke, ukakatika, tukatupwa mwambani. Onofre alimfikisha mwanawe ufukweni kisha akarudi kwa Mama, akamkuta amebanwa na mbao, maji yako kidevuni. Tulimtoa sote kwa nguvu. Daktari anasema hatatembea tena bila kushikwa.

Tangu siku hiyo Mama hataki kumwona Onofre. Akisikia sauti yake barazani anageukia ukutani. Na wajomba wale wale sasa wanasema, "Boti ile ingekuwa ya Perpetua, haya yasingetokea." Nimesubiri maneno hayo miaka sita, Dada. Sasa kila yakisemwa nainuka naondoka.

Maana jioni ile, wenzangu walipokuwa wakioga ufukweni nami nimebaki botini, mwanamke mmoja wa kisiwani alinijia kwa kihori chake, akipiga kasia. Aliniuliza kama kweli tunalala pale na bibi yule. Akanieleza kwamba mchanga ule ni ngozi tu, chini yake ni jiwe tupu, nanga haina pa kushika; na kwamba upepo utatoka kusini kabla ya jua kuchomoza. "Hameni sasa hivi, mwenzangu, mwanga ungalipo." Nikamshukuru, akaenda zake. Onofre alipoogelea kurudi aliniuliza yule mama alitaka nini. Nikamwambia anauza ngisi.

Sikutaka mtu aumie. Nilidhani nanga itateleza kidogo, tuamke tukihangaika, na Mama aone mwenyewe nani alistahili ile boti. Lakini nililala na viatu miguuni, Dada. Katika boti nzima, mimi peke yangu nilikuwa nimejiandaa.

Mara tatu nimekwenda mlangoni kwa Onofre kumwambia, nikaishia kuuliza habari za mtoto. Amekonda, hali chakula. Jumapili anakuja kwako kukuomba umwombee kwa kosa lake, na nitampa yeye barua hii akuletee. Nitamwambia ni salamu tu. Kwa hiyo unaposoma hapa, yuko mbele yako. Msomee kwa sauti, tangu mwanzo. Mimi sina kinywa cha kumwambia.

Mama anakusalimu. Amelala ninapoandika, na kabla ya kulala alinishika mkono akanibariki. Ubaki na amani, Dada, kwani huku kwetu imekwisha.

Ndimi mdogo wako,
Perpetua